Halmashauri zitutengee pa kulaza magari, nasi tujue kulala kwa ndugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa wengi wetu bado ni geni, lakini naamini litaongezeka kadiri watu wanavyostaafu wakiwa na nguvu zao huku ndugu zao wakiwa wametawanyika mikoani. Jambo lenyewe ni kusafiri kwa gari la kulala, yaani gari lenye kitanda, jiko na maji ndani yake, mkawapitia ndugu mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa safari.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kimara jijini Dar es Salaam, na kwetu ni Peramiho mkoani Ruvuma. Baada ya kustaafu, mimi na mke wangu tulinunua Toyota Coaster kuukuu iliyokwisha kuchoka kubeba abiria, tukaondoa viti vyote isipokuwa vinne vya mbele, na mafundi seremala wa Keko wakatutengenezea kitanda, makabati na meza ya kukunja. Kuna tangi la maji la lita 100 na paneli mbili za sola juu ya paa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umewekwa katika kisanduku cha chuma chenye matundu upande wa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa sakafuni badala ya kupanda na kutokea dirishani. (Nalitaja hili kwa makusudi, kwani nimekwisha kuona gari la aina hii ambalo mtungi wake umefichwa chini ya kitanda.) Wajukuu wetu wanaliita gari hilo gheto la babu, nami nimelikubali jina.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusipande basi tukamaliza. Ni kweli kwamba basi linaloondoka stendi ya Mbezi alfajiri hufika Songea siku hiyohiyo usiku, mwendo wa kilomita zipatazo 950. Lakini katika mwendo huo abiria anampita mdogo wangu aliyeko Morogoro, mama mkwe wangu aliyeko Ilula, shemeji yangu aliyeko Mafinga na binti yetu aliyeolewa Njombe, na wote hao anawasalimu kwa simu tu huku dereva akihimiza watu warudi garini upesi baada ya kuchimba dawa. Reli ya kisasa imefika Dodoma, haikuja upande wetu, na TAZARA inapita Makambako bila kugusa Iringa. Nikihesabu miaka yangu yote ya kazi, wengi kati ya ndugu hao nilikuwa nikiwaona kwenye misiba.

Na msiba ndio uliotufungulia safari yetu ya kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa amefariki. Tulifika Kihonda kwa mdogo wangu jioni, gari likakataa kupita getini kwa upana wake, tukaliegesha barabarani mbele ya nyumba. Haikupita nusu saa kabla majirani hawajaanza kuja, wanawake wakiwa wamejifunga khanga kiunoni, mmoja amebeba sufuria kubwa, wote wakiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetangulia mbele ya haki. Katika mitaa yetu Coaster ikisimama mbele ya nyumba huwa imeleta waombolezaji au imekuja kuwachukua. Mdogo wangu alilazimika kusimama nje akieleza, mpaka sufuria ile ikatumika kupikia chai ya watu waliokuja bure.

Tulicheka sana jioni ile, lakini kicheko kilikatika ulipofika wakati wa kulala. Nilisema, kwa nia njema kabisa, kwamba wao wasihangaike kutandika kwa kuwa sisi tuna kitanda chetu garini. Mdogo wangu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kaka, chumba hiki nimekijenga kwa ajili ya nani?" Alikuwa amekiongeza chumba hicho mwaka uliotangulia, amekiwekea dari na neti mpya, na sisi tulikuwa wageni wa kwanza ambao alitaka wakilalie. Sikuwa na jibu. Tulihamishia mashuka yetu ndani, na gari likalala peke yake barabarani chini ya ulinzi wa kijana wa jirani.

Kutoka Morogoro hatukuondoka mapema kama nilivyopanga, kwa sababu mdogo wangu hakukubali tuondoke kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa barabara hii kwa msafiri asiye na haraka. Mbele kuna Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza ndani ya mbuga kwa kilomita zipatazo 50, mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya mnyama aliyemgonga. Huwezi kuegesha gari kando ya njia humo ukalala. Ukishatoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, na baada ya hapo unaukuta mlima Kitonga wenye kona kali, ambako malori yaliyojaa hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na huwezi kuyapita. Mzee wa umri wangu hana sababu ya kuupanda mlima huo gizani. Jua lilipozama tulikuwa Ruaha Mbuyuni, nikaamua tulale hapo.

Tulilala katikati ya malori, na ningependa kusema wazi kwamba waliotufundisha kazi ya kulala njiani ni madereva na utingo wao. Watu hawa wamekuwa wakilala ndani ya vyombo vyao tangu barabara ya kwenda Zambia ilipojengwa, wala hakuna aliyewaita watalii. Mmoja wao alinionyesha kuegesha gari likiwa limeelekea barabarani, ili ukitaka kuondoka kwa dharura usianze kurudi nyuma. Mwingine aliniuliza kama mfuniko wa tangi la dizeli una kufuli, akashangaa nilipojibu kwamba hauna, akaenda kumwambia mlinzi akae upande huo. Shida yetu ilikuwa choo. Mwanamume dereva ana namna zake ambazo si za kuandikwa gazetini, lakini mke wangu alilazimika kumwomba mama ntilie mmoja, ambaye alimfungulia choo cha nyumbani kwake kwa ukarimu na kukataa kabisa kulipwa, mpaka tulipomnunulia vitunguu ndoo nzima kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

Kwa mama mkwe, Ilula, gari hili lilipata heshima ambayo sikuitarajia. Kwa mila za upande ule, kama ilivyo kwa makabila mengi nchini, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, na nyumba yake ina vyumba viwili tu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nikilala gesti ya mjini au kwa jirani, mke wangu akibaki na mama yake, na kila asubuhi nikarudi kusalimia kama mtu aliyepita tu. Safari hii gari liliegeshwa chini ya mwembe, hatua kama 40 kutoka mlangoni kwake, na mila ikawa imetimizwa bila mtu kulipia chumba. Yeye mwenyewe hakulisogelea gari nilipokuwamo. Alfajiri alimtuma mjukuu na jagi la uji, na yeye mwenyewe akasimama mbali akasema kamwene, salamu ya kwao, nami nikajibu nikiwa dirishani. Siku ya tatu nilipokwenda kutembelea shamba la nyanya na kaka wa mke wangu, mama mkwe alimwomba binti yake amwonyeshe ndani, na nimeambiwa kwamba alijilaza kitandani kidogo ili aone kama binti yake analazwa pazuri. Inasemekana aliridhika, ingawa aliona mto ni mwembamba.

Ndugu Mhariri, nimeyaweka matukio haya mawili, la Kihonda na la Ilula, pamoja kwa sababu nimewasikia vijana wetu wanaoishi nje wakisema kwamba faida ya gari la kulala ni kutomsumbua ndugu. Sikubaliani nao. Yule aliyekujengea chumba humpunguzii mzigo kwa kulala nje ya geti lake, unamnyima alichokuwa akikisubiri. Yule ambaye angekuachia kitanda chake akalale jikoni kwenye mkeka, huyo ndiye wa kumwambia kwamba umekuja na kitanda. Sisi sasa tunamuuliza mwenyeji kwanza, kwa simu, kabla hatujaondoka nyumbani. Jiko la garini halikuwashwa hata mara moja tulipokuwa kwa ndugu, kwa maana kula chako katika ua wa mtu ni jambo ambalo sijui ningelielezaje.

Umeme nao una adabu yake. Nyumba nyingi siku hizi zina mita za LUKU, na mgeni anayevuta waya kutoka kwenye soketi ya mwenyeji ili jokofu lake lipoe usiku kucha anatumia uniti ambazo mwenyeji amezilipia kabla. Mwenyeji hatasema kitu kwa haya, atakwenda kununua nyingine. Siku za mawingu, sola inapotuangusha, tunaomba namba ya mita na kununua umeme kwa simu kabla ya kuchomeka waya. Kuhusu choo cha kubebeka, ile dawa inayotiwa ndani yake ili kuondoa harufu huua pia vijidudu vinavyoozesha uchafu katika shimo la majitaka. Ukiimwaga katika shimo la ndugu yako, shimo litajaa upesi na kunuka, nawe utakuwa umekwisha kufika mkoa mwingine. Sisi tumeiacha dawa hiyo, na choo cha garini tunakitumia usiku tu.

Mafinga tulipita kwa siku moja. Njombe tulifika mwezi Julai, na yeyote anayeujua mji ule kwa mwezi huo atanielewa nikisema kwamba mabati ya gari yalikuwa baridi kuliko nje, tukakubali chumba cha binti yetu kabla hajamaliza kukitaja. Kutoka hapo hadi Songea ni kilomita zisizofika 240, na Peramiho iko jirani.

Sasa niseme ninachokiomba. Katika kizuizi kimoja, ambacho sitakitaja, tulisimamishwa kwa muda mrefu tukiulizwa leseni ya kusafirisha abiria, ilhali gari limebaki na viti vinne tu na kadi yake imekwisha kurekebishwa kuonyesha hivyo. Askari alikuwa mpole na hakuomba kitu, ila hakuwa na mahali pa kutuweka: si basi, si lori, si gari dogo. Kwenye mizani tunapimwa kama wengine wote wenye magari ya kuanzia tani 3.5, na hilo ni haki. Ningeshauri wahusika wa usalama barabarani waandike kwa maneno machache gari la kulala la familia ni gari gani, na vitu gani lazima liwe navyo, hasa kuhusu gesi na kizima moto, ili askari na dereva wote wasome karatasi moja.

Ombi langu kubwa linazihusu halmashauri za wilaya zilizo kando ya barabara hii. Afrika Kusini na Namibia viwanja vya kuegesha magari ya kulala ni jambo la kawaida, na Marekani mtu hulipia usiku mmoja mahali penye bomba la maji, umeme na tundu la kumwagia majitaka. Kwetu ziko kambi nzuri za watalii, na upande wa Iringa nimeziona, lakini bei zake zimepangwa kwa kumfikiria mgeni kutoka ng'ambo. Siombi bustani wala mabwawa ya kuogelea. Halmashauri nyingi zina stendi za mabasi ambazo sehemu yake kubwa hukaa tupu usiku. Zikitenga kipande chenye taa, mlinzi, bomba, choo safi cha wanawake na cha wanaume, na shimo la kumwagia majitaka, zitatoza ushuru wa usiku ambao sisi tungeulipa kwa furaha, na madereva wa malori, walio wengi kuliko sisi kwa mbali sana, wangekuwa wateja wa kila siku. Ruaha Mbuyuni pangekuwa pa kuanzia, kwa kuwa hapo ndipo kila mwenye busara anapaswa kusimama jua likizama. Na yule mama ntilie asingelazimika kuwafungulia wageni choo cha nyumbani kwake usiku wa manane.

Tukijaliwa uzima tutapita tena mwezi Juni, shule zikifungwa, tukiwa na wajukuu wawili. Mdogo wangu wa Kihonda amekwisha kuniarifu kwamba amebomoa nguzo moja na kupanua geti.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam