Kikao cha kupanga sprinti na mteja: Alhamisi, saa 14:00 UTC

Ndugu wanatimu, salamu kwenu nyote.

Kwa kuwa mteja anarudisha saa zake nyuma kwa saa moja Jumapili hii, kikao cha Alhamisi kitaanza saa 14:00 UTC badala ya 13:00. Ninaandika kwa UTC (saa ya kimataifa isiyobadilika) makusudi, kwani mara iliyopita niliandika "saa saba", wenzetu wawili wakaingia 07:00 na kusubiri mbele ya skrini tupu.

Tumetenga saa 2. Mwongozo wa Scrum (mfumo wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti) unaruhusu kikao cha kupanga cha hadi saa 8 kwa sprinti ya mwezi mmoja, lakini yetu ni ya wiki mbili, na anayehudhuria usiku wa manane hastahili kucheleweshwa zaidi.

Kabla ya Jumatano saa 14:00 UTC:
1. Kila mmoja aweke makadirio ya kazi kumi za juu kwenye orodha.
2. Maswali kwa mteja yaandikwe chini ya kazi husika, ili ayajibu mapema na kikao kibaki cha kuamua vipaumbele.

Tafadhali thibitisheni leo kwa kuandika "Nipo" pamoja na saa ya kwenu ya kuanza, nihakikishe kwamba tumeelewana. Atakayekuwa na udhuru anijulishe mapema.

Asanteni sana.