Barua ya wazi kwa Kapitan wetu: ule mchango wa msiba haukuwa bei ya kutufunga mdomo

Shikamoo Kap.

Naanza na shikamoo manake hata nyie mnayo, mtoto anachukua mkono wa mkubwa anaugusisha kwenye paji la uso wake anasema mano po. Siku ya kwanza nilipomuona mume wangu anamfanyia hivyo mama yake pale uwanja wa ndege Manila mwaka 2018 machozi yalinitoka, nikasema kumbe sijaja mbali kivile. Mimi ndo yule mke Mwafrika wa nyumba ya karibu na mtaro, unanijua, barangay nzima, huu mtaa unaouongoza wewe kama Kapitan, inanijua. Mtu wa Tanga. Na mume wangu tulikutana Dubai hoteli moja, yeye jikoni mimi vyumbani, afu nikamfuata mpaka hapa Bulacan, Ufilipino. Naandika Kiswahili kwa sababu Kitagalog changu ni cha sokoni na cha kwenye jeepney, cha kusema "para po" nishushwe na "bayad po" nipitishe nauli, hakinitoshi kwa jambo lenye uzito huu, kwa hiyo mume wangu ataitafsiri na nyingine naiweka hapa ndugu zangu nao wasome.

Sipigi kura hapa. Na wageni tunakatazwa kujiingiza kwenye maandamano ya siasa ndo maana Septemba 21 mwaka 2025 shemeji zangu walipoenda Manila na fulana nyeupe kupinga ufisadi wa miradi ya mafuriko mimi nilibaki na watoto. Sikuandikii siasa Kap, nakuandikia habari ya Nanay, mama mkwe wangu.

Unakumbuka msiba wa Tatay, baba mkwe wangu, Agosti 2024. Mzee aliugua figo muda mrefu, na hospitali hapa mtu anajua mwenyewe ilivyo, bili inakuja afu familia inaanza kuzunguka na bahasha la karatasi kutafuta barua za dhamana, ofisi ya huyu mwanasiasa, ofisi ya yule, unapanga foleni saa kumi na moja alfajiri upate karatasi inayosema bwana mkubwa fulani atalipia elfu tano peso. Nanay alipanga foleni hizo kwa miguu iliyovimba. Na wewe ulimsaidia, ulimpa ile gari ya barangay, ulimuandikia cheti cha kuonyesha familia haina uwezo, hukumtoza hata peso moja. Alivyofariki mzee maji yalikuwa yameingia mpaka sebuleni, yanafika kwenye kifundo cha mguu, tukaliinua jeneza juu ya matofali, watu wanakuja kwenye lamay, yale matanga yenu ya kukesha siku kadhaa na maiti ndani, wamevaa mabuti ya mpira wanakunywa kahawa na biskuti wamekaa kwenye maji. Ulileta tenti. Ulileta viti vya plastiki. Ulileta bahasha ya abuloy, ile rambirambi, ukakaa na sisi mpaka saa nane usiku. Mimi nilisema moyoni huyu ni mjumbe kama wajumbe wa kwetu zamani, mtu wa watu.

Sasa sikiliza kilichotokea baadaye, ndo sababu ya barua yote hii.

Ule ukuta wa mto uliotakiwa utukinge upande wetu, wewe ulikuwepo siku ya kuanza, kuna picha yako umeshika koleo na wakubwa, umevaa kofia ya ujenzi. Bango lipo mpaka leo, jina la mradi, mamilioni ya peso, tarehe ya kumaliza. Ukuta wenyewe umefika nusu ukaishia kwenye migomba na vyuma vyake vimetokeza nje vinaota kutu, upande wetu hakuna kitu, ni matope na magunia ya mchanga tuliyoweka wenyewe. Mvua za mwaka jana maji yakapita palepale. Nikamwambia Nanay, Nanay twende kwa Kap tumuulize, si kumgombeza, kumuuliza tu, huu ukuta umeishia wapi. Akanishika mkono, akaniambia nakakahiya anak. Inatia aibu mwanangu. Tutamuulizaje mtu aliyetupa tenti?

Kap hilo neno limenikaa kooni toka siku hiyo.

Nalielewa kabisa, usidhani nalidharau. Nyie mnaita utang na loob, deni la ndani, deni lisilo na risiti, na sisi tuna fadhila, mtu akikutendea wema unaubeba maisha yako yote na ukiusahau watu wanakuona huna utu. Nimelelewa hivyo, na ukiniuliza nini kimenifanya niweze kuishi hapa na wakwe miaka yote hii nitakwambia ni hicho, kwamba watu wa hapa wanakumbuka wema. Jirani akinipa suman, ule wali wa kufunga kwenye majani, na mimi nampelekea bakuli la maharage ya nazi, bakuli halirudi tupu, ni kama kwetu vile vile. Lakini fadhila ni ya mtu na mtu. Tenti ile ilikuwa imeandikwa barangay Kap. Viti vilikuwa vya barangay, na gari ya wagonjwa ilikuwa ya barangay. Nanay ananunua sukari ya tingi, kijifuko kidogo, sabuni kijifuko, shampoo kijifuko, na ndani ya kila kijifuko kuna kodi yake, amelipa toka ujana. Alikuwa anapokea kilicho chake, na akatoka hapo anajiona mdaiwa. Kilichotoka mfukoni mwako ni usiku wako ule, ulivyokaa na sisi, na huo kweli tunaudaiwa, na tutaulipa siku ikifika kwako, Mungu apishe mbali, tutakuja kukesha na wewe. Ila hatuwezi kuulipa kwa kunyamaza mto unapoingia ndani.

Na naona jinsi inavyotengenezwa, manake nimeishi hapa muda wa kutosha. Watu hapa wanasema mwanasiasa ni wa kasal, binyag, libing, harusi, ubatizo, mazishi, hapo hakosi. Msaada wa chakula ukija baada ya mafuriko, mchele kilo chache, makopo ya sadini, tambi, kahawa ya pakiti, mfuko una sura ya mtu. Bango la kuwapongeza watoto waliomaliza shule lina sura ya mtu kubwa kuliko majina ya watoto. Gari la wagonjwa lina jina, uwanja wa basketiboli una jina. Wafilipino wenyewe wana neno la tabia hii, epal, na serikali imeshatoa maelekezo toka zaidi ya miaka kumi iliyopita kwamba majina na sura za viongozi zisiwekwe kwenye miradi ya pesa za umma, na bado zipo kila kona. Hata jikoni kwetu upo Kap, ile kalenda uliyogawa Januari yenye saa za maji kujaa na kupwa, Nanay anaitazama kila asubuhi kabla hajaamua kwenda sokoni au kufua. Nashukuru kwa kalenda, inatusaidia kweli, kwa mtu wa pwani kama mimi saa za maji ni kitu ninachokielewa toka utoto. Lakini Tanga bahari inajaa inabaki baharini, hapa bahari inajaa inakuja mpaka chini ya kitanda na tumeanza kuona ni kawaida, watoto wanaenda shule na viatu mkononi, Julai 2025 pale Malolos watu wamefunga ndoa ndani ya kanisa la Barasoain maji yanafika magotini na dunia nzima ikasifu Wafilipino wavumilivu. Kanisa ambalo jamhuri yenu ya kwanza ilizinduliwa ndani yake mwaka 1899. Mimi sikuona cha kusifu, niliona bi harusi anaburuta gauni kwenye maji yenye mkojo wa panya.

Najua jibu lako la kwanza, utasema ukuta si wa barangay, ni wa wizara ya ujenzi, pesa zilitoka juu. Ni kweli. Hata rais mwenyewe alisimama bungeni Julai 28 mwaka 2025 akawaambia wahusika wa ufisadi wa miradi ya mafuriko waone haya, mahiya naman kayo, na mwezi uliofuata akaja hapa hapa Bulacan, kule Piel mji wa Baliuag, akakuta mradi wa peso milioni 55 umeandikwa umekamilika na hakuna hata tofali. Miradi 9,855 ya kuzuia mafuriko nchi nzima, peso bilioni 545. Mimi sijui hata bilioni inaandikwaje. Ila najiuliza, Piel pia si wana Kapitan na kagawad 7, wale madiwani wa barangay? Watu wa Piel si walikuwa wanapita pale kila siku wanaona hakuna kitu? Walinyamaza wangapi kwa sababu ya tenti? Sisemi wewe umekula, sijui kitu kama hicho na sitamsingizia mtu. Nasema we ndo mtu wa kwanza wa serikali tunayekutana naye, rais yuko mbali, gavana yuko mbali, wewe tunakuona asubuhi unanunua mkate wa pandesal. Kama wewe huulizi nani atauliza?

Na mambo mengine yako ndani ya uwezo wako kabisa. Mume wangu alinisomea sheria ya mwaka 1991 ya serikali za mitaa, nilikaa nayo usiku mzima na kahawa. Inasema mkutano wa barangay ufanyike si chini ya mara mbili kwa mwaka na watu wasomewe taarifa ya kazi na pesa. Machi ya mwaka huu mkutano wetu ulikuwa zumba, bahati nasibu ya mchele, halafu hotuba, pesa hazikusomwa. Inasema mapato na matumizi yabandikwe sehemu tatu ambazo watu wanaweza kuona ndani ya siku 30 baada ya mwaka kuisha. Nimezunguka Kap, ukumbi wa barangay, kanisani kwenye geti, uwanja wa basketiboli, nimekuta picha zako nne na karatasi ya matumizi hakuna. Afu kuna ile asilimia 5 ambayo kila serikali ya mtaa inatakiwa itenge kwa maafa. Sisi tunaishi kwenye maafa. Tungependa kujua imenunua nini, kama ni boti basi boti, kama ni pampu basi iko wapi, kama haijatumika tuambiwe haijatumika.

Jambo la mwisho nalisema taratibu manake ndo linalowaogopesha watu zaidi. Majirani wakisikia naandika barua walichoniuliza si kama ninayosema ni kweli, waliniuliza "hutaogopa kufutwa kwenye orodha?" Orodha ya ayuda, ya misaada. Sijui kama umewahi kumfuta mtu, sijamuona uliyemfuta. Lakini mama mwenye watoto watano anapoamini kwamba swali moja litamkosesha mchele, hatauliza kamwe, na hofu hiyo ni wewe tu unaweza kuitoa, kwa kuibandika orodha ukutani na kusema mbele ya watu kwamba hakuna jina litakaloondoka kwa sababu ya mdomo. Uchaguzi wa barangay ulikuwa uwe Desemba 2025 wakausogeza mpaka Novemba 2026, kwa hiyo una miezi uliyoongezewa bila kuomba kura. Itumie kwa hilo Kap, tafadhali, nakuomba kama mkwe wa barangay hii.

Nanay nimemuambia kuhusu barua. Alikaa kimya, akakoroga lugaw yake, uji wa mchele, mwishoni akasema nisisahau kukushukuru kwa usiku ule wa lamay, kwa hiyo nakushukuru, kwa niaba yake na yangu. Amesema pia kama tunakuja na yeye anakuja. Hatutaki maneno makubwa, tunataka utupe barua yenye mhuri wa barangay inayouliza wizara ukuta wetu umeishia wapi, na sisi tutatia sahihi chini yako, nyumba kwa nyumba, hata wale wanaoona aibu nitawafuata mwenyewe. Kalenda inasema Jumatatu maji yanajaa saa nne asubuhi. Tutakuwa mlangoni kwako saa mbili.