Mwacheni fundi atoe lodi kwanza

Mhariri, salaam alaikum.

Mimi ni mzee wa hapa Malindi, nimefanya kazi ya laini za stima miaka 26 mpaka nikastaafu, na sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, lakini hili la juzi huku Shela limeninyima usingizi, naona nikinyamaza ntakuwa nimekosa.

Kuti la mnazi liliangukia nyaya za chini, zile zinazoingia majumbani, zikawa zinagongana na kurusha cheche juu ya bati la jirani. Watu wakapiga simu wakaambiwa mafundi wako njiani, wakangoja dakika ishirini, nusu saa, ndio kijana mmoja mvuvi akateremka pwani akaja na pondo ya dau, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akaifunga kulabu ya waya kwenye ncha, ati aivute fyuzi ya juu ya transfoma stima ikatike mtaa mzima. Mimi nilikuwa msikitini. Natoka tu nasikia mlio kama bati linapasuliwa, na ule mwanga, wallahi ukuta wa nyumba mbele yangu uligeuka mweupe wote. Nilipofika kijana kakaa mchangani, kiganja cha kulia ngozi imetoka, hasemi neno, na ncha ya pondo imeungua nyeusi bado inafuka moshi. Alhamdulillahi yu hai.

Watu pale wananiambia mzee, pondo ni mti tu, mti haupitishi stima. Mti mkavu wa dukani labda tungezungumza, lakini pondo imekunywa maji ya chumvi miaka na miaka, hiyo inapitisha. Fimbo ya fundi, ile ya kufikia vitu vya juu, ni ya faibaglasi, inafutwa, inawekwa kwenye mfuko wake isipate unyevu, inapimwa kila baada ya muda, na ikiwa na mkwaruzo mkubwa haitumiki tena.

Lakini hata angekuwa na fimbo yenyewe bado ule mwanga ungetokea, na hili ndilo nataka watu walielewe. Shida ilikuwa lodi, yaani mzigo wa stima inayovutwa. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zinavuta stima wakati ule, mafriji, friza za samaki, mapampu ya maji, pasi. Ukichomoa pasi ukutani ikiwa imewaka bila kuzima swichi, si unaona kacheche ka buluu? Hiyo ni volti 240 na inakufa papo hapo. Kule juu ni volti 11,000. Hewa ya kawaida inaizuia stima vizuri sana, sentimita moja tu inataka karibu volti 30,000 kuivuka, kwa hivo mtu anafikiri akishaachanisha chuma na chuma kidogo basi imekatika. Sivyo kabisa. Vyuma vikiachana huku stima inapita, pale panapogusana mwisho panapata moto mpaka chuma kinageuka mvuke, na hewa yenyewe ikishapikika inakuwa njia ya stima kama waya, sasa unavyovuta ule moto unanyooka unakufuata. Shaba inayeyuka kwa digrii 1,085 na ule moto umeshapita hapo mbali sana. Halafu tia upepo wetu wa kusi, unaupeperusha moto kama tanga mpaka unagusa waya wa pili, na zikishagusana laini mbili ndio huo mlio tuliousikia. Yote hayo yanamalizika kabla hujarudisha mkono.

Ile fyuzi ya juu ya transfoma, ile inayoning'inia kama bomba, haikutengenezwa kukata lodi kwa kuvutwa na mkono. Inalinda, waya wake wa ndani ukiungua bomba linaanguka lenyewe. Kitu cha kukata lodi ni saketi breka, swichi kubwa kule substesheni, kituo cha stima, yenyewe ndani yake kuna pa kuuzimia ule moto. Au fundi anakuja na kifaa chake cha kukatia lodi, maarufu ni Loadbuster ya kampuni ya S&C ya Chicago, anakifunga kichwani mwa fimbo. Naomba nikieleze maana nakipenda, kimenirudisha nyumbani kwa wanangu mara nyingi. Upande mmoja unakiangika kwenye ndoano iliyo kwenye ile fyuzi, upande wa pili unashika pete ya bomba, halafu unavuta, mvuto mmoja wa nguvu bila kusita mpaka mwisho. Bomba linapoachia, stima haipati nafasi ya kuruka hewani manake inapita ndani ya kifaa. Kifaa kinarefuka, ndani springi inajikaza inajikaza, ikifika mahali pake inajifyatua yenyewe na kukata kule ndani ya mrija ambao moto hauna pa kupumulia. Stima yetu inakwenda na kurudi, kwa hivo inapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, ikifika sifuri mle ndani hairudi tena. Unasikia kishindo kidogo tu, basi. Haraka ya kukata ni ya springi, si ya mkono wako, hata ukiwa umechoka au una woga.

Na kama hakuna kifaa hicho fundi anatoa lodi kwanza. Anaanza chini, anachomoa fyuzi za upande wa majumbani moja moja, transfoma ikabaki inavuta kidogo sana kwa ajili yake yenyewe, ndipo anapanda na fimbo kwenye zile fyuzi tatu za juu. Sisi tulikuwa tukianza ya katikati, halafu ile ya upande upepo unakokwenda, ya mwisho ile ya upepo unakotoka, ili cheche ikipeperushwa isiangukie waya wa pili ambao bado una stima. Kisha anafunga kufuli, anaweka kibao cha onyo, anapima na kipimo chake kuwa kweli hakuna stima, anafunga ethi, waya wa kuipeleka stima ardhini, upande wa ardhini kwanza kisha kwenye nyaya. Hapo ndio anagusa kwa mkono.

Sasa nyinyi mko chini mnapiga kelele "shusha hiyo fyuzi tuondoke, samaki wataoza." Walipofika wale mafundi vijana wawili siku ile walitukanwa, mmoja hata umri wa mwanangu wa mwisho hajafika, akawa anatetemeka mkono na fimbo ameishika. Jamani! Fundi mwenye mkono unaotetemeka ndiye anayeruka hatua. Samaki nawajua thamani yake, nimezaliwa kwa mvuvi, lakini friza ikifungwa isifunguliwe inakaa masaa.

Jambo lingine, na hili linaniuma zaidi kwa sababu halionekani, ni majenereta. Stima ikikatika tu mtaa mzima unanguruma, na wako wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya chenjiova, ile ya kuitenga nyumba na laini ya nje. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiisukumia 240 kutoka nyumbani kwako inapanda juu inatoka maelfu ya volti, pale pale fundi anapojua amezima. Ile ethi niliyoitaja ndio kinga yake ya mwisho dhidi yako wewe jirani yake. Swichi ya chenjiova si ghali kushinda jenereta yenyewe, na anayefunga awe fundi mwenye leseni.

Kwa wahusika naomba mawili. Kila gari la mafundi linalotumwa huku pwani liwe na kifaa cha kukatia lodi na fimbo iliyopimwa, maana chumvi ya bahari inaganda kwenye vikombe vya nguzo vinavyoshika nyaya na kazi zetu za dharura ni nyingi kushinda bara. Na kabla ya kuzima mtaa kwa kazi iliyopangwa, pitisheni tangazo mapema, hata kwa spika ya msikiti na kanisani, mtuambie saa ya kuzima na saa ya kurudisha, watu wafunge friza zao na wazime majenereta. Kama mnahitaji mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba huku Shela kuwaelezea, mimi nipo na miguu bado inatembea.

Fundi mstaafu,
Shela, Malindi