Salma, tusiufute msimbo wote

Mpendwa Salma,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima, wewe na wanao. Mwalimu anakusalimu, na anauliza vile vitabu vyake. Sisi hatujambo. Haya, niingie kwenye jambo.

Nimesoma pendekezo lako la kufuta msimbo wote wa upande wa simu wa wiki yetu na kuuandika upya kwa Vue, ile maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Limenitia wasiwasi kweli, kwa sababu wewe ukisema kitu kikaoni watu hukubali. Nakuomba uliondoe kabla ya kikao.

Uchakavu unaousema upo, sibishi. Moduli zetu, yaani vipande vya msimbo, bado zinaitana kwa majina ya kusajiliwa, na ukikosea herufi moja hakuna kinacholalamika mpaka ukurasa ufunguke kwenye simu ya msomaji. Lakini dawa yake ni ndogo. Tangu MediaWiki 1.33 ya mwaka 2019, ile programu inayoendesha wiki, ResourceLoader (sehemu yake inayompelekea msomaji JavaScript) inakubali moduli moja iwe na faili nyingi zinazoitana zenyewe kwa zenyewe. Hata webpack, chombo cha kuunganisha faili nyingi, hatuihitaji. Wale wa MobileFrontend, kiendelezi cha MediaWiki cha simu, walipouacha mtindo huo wa majina walichukua webpack, na faili zilizokwisha kuunganishwa zikawa zinahifadhiwa pamoja na msimbo, kwa hiyo viraka viwili (mabadiliko ya msimbo) vya watu wawili viligongana hata kama havihusiani. Sisi tunaweza kuiruka hatua hiyo.

Na jQuery, ile maktaba ya zamani ya JavaScript? Najua huipendi. Ila kuitoa kwenye faili zetu peke yake hakumpunguzii msomaji mzigo, MediaWiki inaipakia hata hivyo. Tuitoe tukipita, pale tunapogusa, isiwe ndiyo sababu ya safari.

Kinachoniuma ni dirisha la kuhariri. Ulifungue faili lake uone. Klasi ya msingi (kiolezo cha msimbo ambacho vingine hurithi) imezaa ya dirisha, ya dirisha ikazaa ya kuhariri, ya kuhariri ikazaa ya matini. Ya juu inapoundwa inaita kuchora, na wakati huo ya chini kabisa haijapokea maandishi ya makala. Kitufe cha Hifadhi kinachorwa kikiwa kimezimwa, kisha kinangoja tukio likiamshe. Mtandao ukiwa mzito, tukio hilo linapita kabla ya msikilizaji wake, yaani msimbo unaolisubiri, kuunganishwa. Mtu ameandika aya nzima kwa kidole gumba, anabonyeza, hakuna kitu. Anafunga simu, aya imekwenda, na pengine mchangiaji naye amekwenda. Salma, huyo ndiye ninayemfikiria, kuliko mtindo wowote wa kuandika JavaScript.

Ndiyo maana sitaki tuanze na ukurasa mweupe. Ule msimbo mbovu una masharti madogo madogo ambayo hayajaandikwa popote: kibodi inayofunika kitufe, kitufe cha kurudi nyuma kinachopaswa kuuliza kwanza kama kuna mabadiliko, maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Kila sharti limewekwa kwa sababu kuna mtu aliumia. Tukifuta, tutayajua tena kwa wachangiaji kuumia upya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Vue yenyewe imo ndani ya MediaWiki tangu 1.35 ya mwaka 2020, haikimbii. Tuitumie kwa vipande vipya, kama kisanduku cha kutafutia. Lakini makala iendelee kutoka kwenye seva ikiwa kamili, isomeke hata JavaScript isipofika. Jamaa wa seva naye anasema hivyo hivyo, na unajua yeye na mimi hatukubaliani mara nyingi!

Nilichofanya mpaka sasa: nimeandika majaribio ya dirisha la kuhariri lilivyo leo, bila kurekebisha chochote. Halafu nimekata ule ukoo wa klasi. Dirisha sasa linapokea sehemu zake kutoka nje, na halichorwi mpaka maandishi yafike. Kiraka ni kidogo, unaweza kukisoma kwa kikao kimoja cha kahawa. Sehemu ya picha sijaigusa, ile ni… tutaizungumza tukionana.

Sasa niambie. Utakipitia kiraka changu? Ile simu yako ya zamani, yenye kumbukumbu ndogo, bado inawaka? Unaweza kulifungua dirisha la kuhariri humo, mtandao ukiwa umebanwa, uone kitufe kinaamka? Na pendekezo lako, utakubali tulibadilishe liwe la dirisha moja baada ya jingine, majaribio yakitangulia? Kama hukubali, ni sehemu ipi hasa unayoona haiponi ila kwa kufutwa? Na vitabu vya Mwalimu nimwambieje?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Rafiki yako,
Rehema