Mzazi, acha boksi la rangi 24: mkebe na vizibo vya soda vinatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyelalamika humu hivi karibuni kwamba shule imewataka watoto waje na boksi la rangi za maji, rangi 24, kila mmoja na lake, na yeye anao watatu. Namuunga mkono, ila bei kwangu ni jambo la pili. Mjukuu wangu wa darasa la 5 naye alirudi na orodha ya namna hiyo. Nikalinunua, maana agizo la mwalimu ni agizo. Lakini mimi nimekula mshahara miaka 31 kwa kuchora ramani na kuzipaka rangi kwa brashi, na nilipolifungua boksi lile nilicheka hadi chai ikanipalia.

Lilikuwa na kijani cha aina 5. Nikachovya brashi, nikapaka vyote kwenye karatasi, mistari mitano. Nikamwambia, "Haya mama, chukua karatasi hii, zunguka nje, uniletee mti mmoja wenye rangi mojawapo kati ya hizi." Akaenda. Akaulinganisha mwembe wetu, akaulinganisha mpapai, akavuka hadi kwenye mkrismasi wa jirani. Akarudi amekunja uso.

"Babu, hakuna. Labda ile ndoo yao ya kuogea."

Hapo ndipo penye hoja yangu. Boksi la dukani limepangwa na mtu asiyeijua Tabora. Hajawahi kuuona Septemba msitu wa miombo unapochipua kabla ya mvua, majani machanga yakatoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine damu ya mzee kabisa, mpaka mgeni akadhani miti inakauka kumbe ndiyo kwanza inaamka. Mtoto akitaka kuuchora msitu huo, kijani zote 5 hazimsaidii kitu. Akitafuta rangi ya vumbi la barabara ya kwenda Kwihara, atakuta kahawia moja tu, nayo inafanana na kiatu cha shule.

Kwa hiyo nimweleze mzazi huyo, na walimu kama wanasoma, namna ninavyotengeneza boksi langu la rangi, la kusafiri nalo. Kwanza tahadhari: ukienda dukani usiseme tu "nataka rangi ya maji". Mimi niliwahi kumtuma kijana, akarudi na ndoo ya lita 4 ya kupaka ukutani. Sema rangi za kuchorea, za tyubu.

Langu ni mkebe wa hesabu, ule wa bati wa kubebea bikari na kipimapembe. Ulikuwa wa baba yake huyo mjukuu alipokuwa sekondari; jina lake alilolikwaruza kwa msumari bado lipo kwenye kifuniko. Urefu unazidi kidogo penseli mpya. Ndani nimepanga vizibo 8 vya soda, safu mbili za vinne vinne. Kizibo kimoja kina upana wa karibu sentimita 3, kwa hiyo safu mbili zinakula sentimita 6, na ukingo unaobaki ndipo inapolala brashi niliyoikata mpini. Upande wa kulia kuna kipande cha kanga kuukuu cha kufutia. Maji nabeba kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

Vizibo navyo si vya kuokota tu. Kilichofunguliwa kwa jino au kwa pembe ya meza kinakuwa kimepinda, rangi inajaa upande mmoja. Chagua kilichonyooka. Yale meno ya pembeni yanakamata nywele za brashi na kuzing'oa, kwa hiyo yakunje ndani kwa plaizi, kisha pitisha msasa.

Kuvishikiza kulinitoa jasho. Mara ya kwanza nilitumia bablishi iliyokwisha kutafunwa. Usicheke, Mhariri, ilishika vizuri sana mwezi wa sita. Oktoba ilipofika na joto lake, bablishi ikalainika, vizibo vikaanza kutembea, na nilipoufungua mkebe manjano alikuwa amehamia kwa buluu. Mara ya pili nikatumia gundi ile ya kuunga viatu, ikashika moja kwa moja. Sikuweza tena kubadilisha kitu. Aliyeniokoa ni fundi friji mmoja wa Isevya. Ndani ya ule mpira wa mlango wa friji kuna ukanda wa sumaku, mlaini, unakatika kwa mkasi. Friji likifa, mpira hutupwa na ukanda wake. Nikakata vipande, nikabandika kimoja chini ya kila kizibo. Mkebe ni bati, kizibo ni bati, vinang'ang'aniana hata ukiutikisa. Na ukitaka kukitoa, unakitoa kwa ukucha.

Hiyo ya kutoa na kurudisha ndiyo siri yenyewe, maana rangi za safari zinafuata safari. Kiangazi natoa kijani yangu moja niliyonayo na kuweka rangi ya pili ya udongo. Desemba mikrismasi inapowaka, namuingiza mwekundu mkali. Nikipanda treni kwenda Kigoma, naongeza buluu ile kali inayoelekea kijani, inayong'ang'ania karatasi usiweze kuifuta, kwa sababu Ziwa Tanganyika saa nne asubuhi halichoreki kwa buluu ya anga. Nikiwa Tabora buluu hiyo inakaa kabatini, sina kazi nayo.

Ndani ya kifuniko ndipo pa kuchanganyia. Panatakiwa pawe peupe, ama sivyo unachanganya gizani. Nilimpelekea fundi wa kupuliza rangi magari, akaniuliza, "Mzee, hili nalo ni gari la aina gani?" Akapuliza nyeupe ya mafuta mara mbili, bure. Nilipoanza kuitumia, maji yakawa yanajikunja matone matone kama juu ya jani la gimbi. Dawa yake ni dawa ya meno: sugua kwa kidole na dawa ya meno kidogo, suuza, na rangi inatandaa.

Sasa rangi zenyewe. Ninazotembea nazo siku zote ni 5: manjano ya ndimu, manjano ya udongo, udongo uliochomwa, nyekundu moja, na buluu ile nzito ya zamani, ambayo karne nyingi ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, hadi miaka ya 1820 Wafaransa walipofaulu kuitengeneza kiwandani ikawa ya kila mtu. Wale mnaokumbuka buluu ya unga ya kufulia mashati meupe, ndiyo hiyo hiyo. Nilijaribu kuigeuza rangi ya kuchorea; ilitoka na chokaa nyingi, nikaachana nayo.

Nyeusi siweki. Changanya buluu ile nzito na udongo uliochomwa, nusu kwa nusu, na polepole mbele ya macho yako vinakufa vyote viwili na kubaki kijivu cha wingu la mvua. Ukizidisha buluu linakuwa wingu la mbali. Ukizidisha udongo linakuwa shina la mwembe lililolowa. Chini ya mwembe mchana, kivuli kile kizito tunachokijua wakazi wa mji huu wa miembe, ni mchanganyiko huo huo na manjano ya udongo kidogo. Nyeupe nayo siweki. Nyeupe ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa.

Udongo wa manjano nautengeneza mwenyewe, na mtoto yeyote wa Tabora anaweza. Mjukuu aliuchota kwenye kingo za shimo la choo kipya. Tukautwanga, tukauvuruga kwenye ndoo ya maji, tukasubiri nikihesabu hadi 60 mchanga uzame, kisha tukamimina yale maji ya matope kwenye sufuria nyingine. Tukarudia mara tatu. Kilichotuama mwishoni, baada ya kukauka, ni unga laini kuliko poda ya mtoto. Nusu tukaiweka kwenye kigae juu ya jiko la mkaa. Alikaa akiutazama. Manjano iliingia wekundu kuanzia pembezoni, ikasogea katikati kama doa la chai kwenye kitambaa. "Babu, unaiva!" Ni kutu tu ile, kutu yenye maji ndani yake, moto ukiyafukuza maji, manjano inageuka nyekundu. Tukasaga na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, na asali.

Asali ndiyo nataka niiongelee, kwa sababu mkoa wetu unasifika kwayo na hakuna anayeniamini nikisema naipaka kwenye picha. Rangi ya tyubu ikikaushwa kwenye kizibo, kiangazi cha huku huipasua vipande kama tope la bwawa, ukifungua mkebe vinaanguka. Asali inaishika, kwa sababu haikauki kabisa na inavuta unyevu wa hewani. Kuna hata viwanda vya Ulaya vinavyotia asali kwenye rangi zao na kujisifia. Lakini tone moja au mawili kwa kizibo, basi. Mimi kwa tamaa ya Kinyamwezi nilitia nusu kijiko. Tulikuwa tumepita Kaliua, treni imesimama kwa sababu zake, nikafungua mkebe nichore mama mmoja aliyeketi na madumu yake kando ya reli. Sisimizi walikuwa wameshaweka kambi. Mmoja alitoka kwenye ile nyekundu akaivuka kanzu ya mzee niliyekaa naye, akaacha nyayo. Mzee akaniangalia, akautazama mkebe, akasema tu, "Mwalimu, chakula chako kimeharibika."

Masika nako rangi huota ukungu. Tone la mafuta ya karafuu ndani ya rangi linauzuia, na mkebe unanukia vizuri.

Asije mtu akasema haya ni ya kienyeji mno. Grant, yule mvumbuzi Mskoti aliyefika hapa na mvumbuzi mwenzake Speke mwaka 1861 mji ukiitwa Kaze, alichora safari yake kwa rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa hadi leo Maktaba ya Taifa ya Scotland. Watu wa zama zake waliweza kuchora njiani kwa sababu mwaka 1835 Winsor & Newton wa London walikuwa wameanza kuuza rangi laini za vipande, zisizohitaji kusagwa kwanza, na mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akasajili tyubu ya bati ya kukamua. Naye mchoraji wetu Tingatinga, mwaka 1968, alianza kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakuna kati yao aliyesubiri kijani 5.

Turudi kwa mzazi na watoto wake watatu. Tyubu moja ya mililita 12 inajaza vizibo 4. Unajaza, unavuruga kwa kijiti cha meno kutoa mapovu, unaacha siku mbili inywee, unaongeza. Kwa hiyo tyubu 5 ni watoto 4 wenye rangi 5 kila mmoja: watatu wa kwako na mmoja wa jirani. Bei ya tyubu hizo 5 nilizoagizia Dar es Salaam ilizidi kidogo tu ile ya boksi moja la rangi 24, na boksi lile mjukuu alimaliza rangi 4, nyingine 20 ziko vilevile. Ombi langu kwa walimu ni dogo: kwenye orodha waandike "rangi 5", wasiandike "boksi". Na wawakataze watoto kulamba brashi ili kuichonga ncha. Najua tamu ya asali inavutia, lakini baadhi ya manjano na nyekundu za tyubu zina madini ya sumu yaitwayo kadimiamu, na pakiti inasema. Za watoto nunueni zisizo na kadimiamu.

Mjukuu wangu alikwenda na mkebe wake Jumatatu, vizibo 5, tumbo likimuuma kwa woga. Mwalimu aliufungua, akakitoa kizibo kimoja, akakirudisha, kikajibandika chenyewe kwa mlio. Akakitoa tena. Mtoto anasema kipindi kizima mwalimu alikuwa anakitoa na kukirudisha. Jioni alirudi na swali kutoka kwake: hizo sumaku babu anazinunua wapi? Nami namjibu kupitia gazeti lako, maana wengine watauliza: aende kwa fundi friji yeyote, asubuhi, kabla hawajafagia.

Mchora ramani mstaafu,
(Jina limehifadhiwa)
Cheyo, Tabora