Malalamiko Kuhusu Chati ya Urithi Yenye Picha ya Chatu Mweupe

Mwalimu wa Bayolojia,
Skuli ya Sekondari,
Wete, Pemba.

3 Machi, 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Kufundishia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

KUH: MAKOSA YA KITAALUMA KATIKA CHATI YA URITHI, NA MAOMBI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu. Mwezi wa Januari skuli yetu ilinunua kwenu chati 6 za ukutani za somo la urithi, kila moja kwa shilingi 18,000, kwa fedha iliyochangwa na kamati ya wazazi baada ya msimu wa karafuu. Zilishuka bandari ya Mkoani zikiwa salama, hazikurowa wala kukunjika, na karatasi yake ni nzuri. Malalamiko yangu hayahusu karatasi.

Chati hiyo ina picha kubwa ya chatu mweupe mwenye macho ya buluu, na chini yake jedwali la Punnett, yaani miraba ya kukisia watoto watakaotokana na wazazi fulani, linaloeleza namna anavyopatikana. Nilipoifungua nilifurahi, kwa sababu wanafunzi wangu wamechoshwa na njegere za Mendel, yule mwanzilishi wa elimu ya urithi, mmea ambao wengi wao hawajapata kuliona hata ua lake. Furaha hiyo haikufika mwisho wa kipindi cha kwanza.

Maelezo yenu yanamwita chatu huyu "zeruzeru" na yanasema weupe wake unatokana na jeni fichi (ile ambayo ikiwa moja tu haionekani), "kama ilivyo kwa binadamu". Hayo si kweli. Chatu mwenye ualbino yupo, na kwake yeye ni kweli kwamba jeni ni fichi; lakini huyo hukosa melanini tu, yaani rangi nyeusi ya mwili, hivyo hubaki na madoa ya manjano juu ya weupe, na macho yake huwa mekundu au ya waridi. Chatu aliye katika picha yenu ni mweupe kwa sababu nyingine kabisa: seli zinazobeba rangi hazikuenea katika ngozi yake. Macho yake hayakuwa mekundu kwa kuwa tabaka la rangi lililo nyuma ya jicho hutokana na sehemu nyingine ya kiinitete, wala si zile seli zinazohamia kwenye ngozi. Ubuluu nao hauletwi na rangi ya buluu, bali na mwanga unaotawanyika katika duara linaloizunguka mboni, lisilo na rangi ya kutosha. Mtu aliyeandika maelezo angetazama macho ya nyoka katika picha yake mwenyewe, angelijua kosa kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Ningependa pia mjue kwamba katika darasa langu yumo kijana mwenye ualbino. Neno mlilolitumia limekwishaachwa na watu wastaarabu, na siku mbili baada ya chati kutundikwa wenzake walianza kumwita "chatu". Nimelishughulikia jambo hilo mwenyewe pamoja na mwalimu mkuu, na sikuombeni mlishughulikie. Nataka tu lisomwe ofisini kwenu.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena. Jedwali lenu linamwoanisha baba mweupe na mama wa rangi ya kawaida, kisha linaonyesha mtoto mmoja mweupe kati ya wanne, na watatu waliobaki mmewaandika "wabebaji wasioonekana". Hakuna hata sehemu moja ya jedwali hilo iliyo sahihi. Chatu huyu mweupe ana aleli (nakala za jeni) mbili zilizobadilika, moja kutoka kwa kila mzazi. Akioanishwa na chatu wa kawaida, kila mtoto atapata aleli moja iliyobadilika na moja ya kawaida, na hatatoka mweupe hata mmoja. Ili apatikane mweupe, wazazi wote wawili lazima wawe na angalau aleli moja iliyobadilika katika jeni hiyo hiyo: kwa mfano mmoja wa aina ambayo wafugaji huiita Mojave na mwingine wa aina ya Lesser. Hapo ndipo kila yai linapokuwa na nafasi moja kati ya nne ya kutoa mweupe, nafasi mbili za kutoa mtoto mwenye aleli moja iliyobadilika, na nafasi moja ya kutoa wa kawaida.

Tena hao wenye aleli moja si "wasioonekana". Mojave na Lesser hutambulikana kwa macho, kwa rangi iliyopauka na mabaka yasiyofanana na ya chatu wa kawaida. Mfugaji mzoefu huwatenga siku wanapototolewa. Huu ndio utawala usiokamilika, yaani aleli moja haiifuniki nyingine kabisa, mada iliyomo katika muhtasari wetu, ambayo vitabu huieleza kwa ua jekundu na ua jeupe yanayozaa ua la waridi. Mlikuwa na mfano mzuri kuliko wa maua, mkauingiza katika kanuni isiyo yake.

Juu ya hayo mmechora mayai manne na kutia rangi nyeupe moja tu, na wanafunzi wameelewa kwamba kila mayai manne lazima yatoe mweupe mmoja. Kila yai lina bahati yake, halijui jirani yake ametoka na rangi gani. Hata wazazi wakiwa sahihi, katika mayai 6 iko nafasi ya karibu asilimia 18 kwamba hatatoka mweupe hata mmoja, na katika mayai 8 nafasi hiyo bado ni kama asilimia 10. Hapa Wete zipo nyumba zenye mabinti watano mfululizo, na hakuna anayesema hesabu imeharibika.

Sentensi inayosema chatu huyu ni wa misitu ya Tanzania nayo iondolewe. Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, ambaye Ghana, Togo na Benin zimemsafirisha kwa wingi kwa wafugaji wa ng'ambo, na wafugaji hao humwita chatu-mpira kwa kuwa akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa ndani.

Nilipopiga simu mwezi uliopita, mhudumu wenu alinijibu kwamba hao ni nyoka wa Wazungu na kwamba hapa hapana atakayewafuga. Ni kweli hatuwafugi. Lakini katika mtihani wa majaribio mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuwa mweupe na wa kawaida huzaa robo weupe, na nilipomuuliza amelitoa wapi jibu hilo, alielekeza kidole ukutani. Nilimpa alama zake, kwa sababu kosa halikuwa lake. Msahihishaji wa mtihani wa taifa hatakuwa na chati yenu mbele yake.

Kwa hiyo naomba skuli irejeshewe shilingi 108,000, au iletewe chati 6 zilizosahihishwa kwa gharama zenu hadi Mkoani, kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba pia skuli nyingine zilizonunua toleo hili ziarifiwe kwa maandishi, na mauzo yake yasimamishwe. Nipo tayari kuupitia mswada wa toleo jipya bila malipo.

Chati tano nimezikunja na zinakusubirini ofisini kwa mwalimu mkuu. Ya sita bado ipo ukutani, nimebandika karatasi juu ya jedwali na maelezo, kwa kuwa picha yenyewe wanafunzi wanaipenda.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Bayolojia, Kidato cha Nne

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi