Shangazi, ukiona namba inayoanza na 49, pokea

Shikamoo Shangazi,

Nilipokuja likizo uliniuliza kwa nini nahangaika na hii kazi ya simu wakati siku hizi watu wote wako WhatsApp. Nilikujibu juujuu maana wageni walikuwa wameshafika. Leo nakujibu vizuri, na wengine wenye shangazi kama wewe wasome.

Wewe hauko WhatsApp. Una kitochi chako kinachokaa na chaji siku kadhaa, na huko Lushoto huna haja ya bando. Zamani nilikupigia kwa Skype, ikafungwa Mei 2025. Nikipiga kwa laini yangu ya hapa Hamburg, hatujamaliza hata kusalimiana salio limekwisha. Ndipo nikaanza kutengeneza hii: mtu anafungua tovuti kwenye kivinjari, anaandika namba, anapiga. Hapakui kitu.

Upande wangu ndio mwepesi. Chrome, Firefox na Safari zote zina WebRTC ndani yake, teknolojia ambayo Google iliiachia huru mwaka 2011; ndiyo inayochukua sauti kwenye maiki na kuipitisha kwenye intaneti. Ugumu uko pale sauti inapotoka kwenye intaneti kuingia mtandao wa simu wa huko nyumbani. Pale pana lango, na langoni panalipiwa kila dakika. Kwa hiyo nimeweka bei ya dakika juu ya kitufe cha kupigia, mtu aione kabla hajabonyeza. Wanaopiga wengi ni watu wanaohesabu senti ili watume nyumbani.

Unaikumbuka simu ya kwanza ya majaribio? Ulikuwa unanisimulia msiba wa jirani, mimi nimetulia nasikiliza, na kila baada ya sentensi mbili unakatisha: "Halo? Upo? Imekatika?" Nilidhani ni mtandao. Kumbe programu yangu, ili kubana matumizi ya data, ilikuwa haitumi chochote nikinyamaza. Sikioni mwako palikuwa kimya kabisa, kama nimeondoka. Iliniuma sana, Shangazi. Usiku uleule nikakizima hicho kipengele. Sasa nikinyamaza unasikia mvumo mdogo, unajua nipo. Data inaliwa zaidi, na iliwe.

Halafu ile sifuri. Namba yako nimeiandika daftarini ikianza na 07, kama tunavyoandika sote. Ukitanguliza +255 bila kuitoa sifuri, simu haiendi, na watu wengi wanakwama hapo hapo. Sasa tovuti inaiondoa yenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni namba inayotokea kwako. Mara mbili ulikata, na sikulaumu, matapeli wamejaa. Nimefanya hivi: mpigaji anathibitisha namba yake kwa msimbo anaotumiwa kwa ujumbe mfupi, na hiyo ndiyo inayotumwa ionekane kwako. Ila njiani mitandao mingine huibadilisha, na mimi nikiwa huku sina pa kuwazuia.

Alhamisi, saa mbili usiku ya huko, nitapiga. Ikianza na +49, ya huku Ujerumani, ni mimi. Ikitokea ngeni, pokea, ila usizungumze habari za pesa mpaka nikutajie jina la yule ng'ombe wa Babu.